Kupunguza vishindo vya pumzi katika masomo ya sauti ya kilimo: shajara ya mradi, Dodoma

Mei, mwanzoni mwa mwezi

Mradi huu ni wa kurekodi masomo ya kilimo na ufugaji kwa Kiswahili, ili wakulima wa Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa na pembezoni mwa Jiji la Dodoma wayasikilize kwa simu, kwa redio ndogo zinazotumia memori kadi, na kwa spika zinazowekwa kwenye mikutano ya vijiji. Masomo ya upogoaji wa zabibu, palizi ya alizeti na utunzaji wa ng'ombe wa maziwa yamekwisha kusomwa na kuhaririwa. Kwenye simu yanasikika vizuri. Yalipopigwa kwenye spika kubwa yenye besi, karibu kila neno lenye p liliambatana na kishindo kizito kilichofunika irabu iliyofuata, na mahali pengine spika yenyewe ilikoroma. Shajara hii inahusu kazi ya kuviondoa vishindo hivyo, kwanza katika masomo yatakayosomwa upya, kisha katika yale ambayo hayawezi kurudiwa.

Tofauti kati ya simu na spika ina sababu yake. Spika ya simu ni ndogo mno kiasi kwamba haiwezi kutoa kwa nguvu inayosikika masafa (yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi) yaliyo chini ya hezi 200 au 300, na sehemu kubwa ya nguvu ya vishindo hivi imo chini ya hapo. Anayehariri kwa kusikiliza simu huwa hasikii kitu anachotakiwa kukiondoa, ilhali mwenyekiti wa kijiji akikifungulia kitu hicho hicho kwenye spika ya mkutano, watu hukisikia kuliko wanavyoyasikia maneno. Tumekubaliana kwamba kila somo lisikilizwe kwa hedifoni kubwa zinazoziba masikio, na kisha kwa spika yenye besi, kabla ya kupitishwa.

Lugha ya kilimo nayo haitusaidii. Mkulima hupanda, hupalilia, hupogoa mizabibu, hupuliza dawa, hupukuchua mahindi, hupura mtama, huupepeta, kisha huupima na kuupeleka sokoni. Somo la ufugaji lina shida zaidi, kwa sababu linataja mara kwa mara ng'ombe wa aina ya Mpwapwa, waliopewa jina la mji wenye kituo cha utafiti wa mifugo walikozalishwa, na jina hilo lina p mbili zinazotamkwa midomo ikiwa imeviringwa, hali inayoufanya mkupuo wa hewa uwe mwembamba na mkali zaidi. Somo la karanga, linaloandaliwa kwa ajili ya Kongwa, wilaya inayoukumbuka mpango mkubwa wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951, limenipa nafuu ndogo: angalau jina la zao lenyewe halina p.

Mei, katikati ya mwezi

Kabla ya kununua chochote tumetumia muda kuelewa ni nini hasa kinachotokea mbele ya maikrofoni. Wanaisimu huziita sauti za p, b, t, d, k na g vipasuo, kwa kuwa hewa huzibwa kabisa mahali fulani kinywani, shinikizo hujengeka nyuma ya kizuizi, kisha kizuizi huachiwa ghafla. Katika p kizuizi ni midomo yenyewe, kwa hiyo hewa inayoachiwa haina tena kitu cha kuigonga wala kuivunja nguvu ndani ya kinywa. Hutoka moja kwa moja kama upepo. Sauti ya neno husafiri kwa takriban mita 343 kwa sekunde katika joto la nyuzi 20, na husambaa pande zote. Upepo huo husafiri polepole sana kuliko sauti, huenda upande mmoja tu, yaani ule ambao mdomo umeelekea, na hupoteza kasi kadiri unavyokwenda mbali. Ukikifikia kiwambo cha maikrofoni, ambacho kimetengenezwa kutikiswa na mabadiliko madogo mno ya shinikizo la hewa, hukisukuma kwa nguvu kubwa kuliko inayoletwa na sauti yoyote ya mtu anayesoma kwa utulivu.

Hivyo kishindo tunachokisikia hakikuwamo katika sauti ya msomaji. Mtu aliyeketi upande wa pili wa chumba hakukisikia, kwa kuwa kilizaliwa pale upepo ulipokigonga kiwambo. Jambo hili limebadilisha mpangilio wa kazi yetu yote: tumeacha kuuliza ni programu gani itakayokifuta kishindo, tukaanza kuuliza upepo wa kila msomaji unapita wapi.

Kipimo tulichokitumia ni mshumaa. Msomaji husoma orodha ya maneno yaliyochotwa kwenye masomo yenyewe huku mshumaa uliowashwa ukiwa mbele yake, nasi hutazama mwali. Maneno kama panda, pogoa, punje, pembejeo na pepeta huuinamisha au kuuzima. Maneno kama bega, bonde na banda hayaufanyi kitu cha maana. Sababu ni kwamba b ya Kiswahili, kwa wazungumzaji wengi, hutamkwa huku zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichomo kooni, likishuka kidogo, hivyo shinikizo la ndani hupungua badala ya kusukumwa nje. Ikitanguliwa na m, kama katika mbegu, mbolea na mbuzi, b hiyo hugeuka kuwa kipasuo cha kawaida, lakini sehemu ya hewa huwa imekwisha kutoka puani na mwali hucheza kidogo tu. Miongozo mingi ya kurekodi iliyoandikwa kwa ajili ya Kiingereza huzitaja p na b kana kwamba ni tatizo moja. Kwa msomaji wa Kiswahili naona ni sahihi zaidi kuiwinda p kwanza, kisha t na k kwa mbali, na kuiacha b kwa kiasi kikubwa.

Wasomaji wetu hawafanani. Msomaji aliyekulia Tanga hutoa pumzi nyingi zaidi katika p ya nomino kama pembe, pamba na punje, kwa namna ile ile ambayo watu wa pwani hutofautisha paa wa porini na paa la nyumba. Wasomaji waliokulia hapa Dodoma wengi wao hawaitofautishi, na p zao zote zina pumzi ya kadiri. Kwa upande mwingine, wale ambao lugha yao ya kwanza ni Kigogo hutamka majina ya mahali kama Ng'hong'honha na Nhinhi kwa kutoa pumzi puani, na pumzi ya pua hushuka chini kuelekea kifuani. Kwa yeyote anayedhani kwamba maikrofoni iliyowekwa chini ya kidevu imeepuka upepo, majina hayo mawili yanatosha kuwa jaribio.

Herufi f na v tumeziweka kando. Hazitoi kishindo, hutoa mtiririko wa hewa unaosikika kama mngurumo mfupi katika maneno kama fukia na mfereji, na dawa inayoitibu p huzitibu hizo pia.

Mei, mwishoni

Tuna aina tatu za maikrofoni: moja ya studio yenye kiwambo kipana inayosikia upande wa mbele zaidi, moja ya mkononi yenye tufe la waya, na ndogo za kubana kwenye nguo zinazosikia pande zote.

Maikrofoni zinazosikia upande mmoja hupata uwezo huo kwa kuacha hewa ikifikie kiwambo mbele na nyuma, ili kiwambo kijibu tofauti ya shinikizo baina ya pande hizo mbili. Utaratibu huo huo huzifanya ziwe dhaifu mbele ya upepo, na pia huongeza besi ya sauti kadiri msomaji anavyosogea karibu, jambo linalokuza kishindo mara ya pili. Zile zinazosikia pande zote zina kiwambo kilichofungwa nyuma. Hujibu shinikizo tu, haziongezi besi kwa ukaribu, na huvumilia p kwa kiasi cha kushangaza. Ubaya wake ni kwamba hunasa kila kitu kingine: mwangwi wa kuta, jogoo wa jirani, na bodaboda zinazopita nje.

Ile ya mkononi ni Shure SM58, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, ambayo ndani ya tufe lake mna sponji inayovunja upepo kabla haujafika kwenye kiwambo. Tufe hilo husaidia, ingawa halitoshi kwa msomaji anayeigusisha mdomoni kama watu wanavyofanya jukwaani. Uamuzi wetu kwa sasa ni kutumia ile ya studio ndani ya chumba, kwa kuwa ndiyo inayotoa maneno kwa uwazi zaidi, na kuziweka zile ndogo kwa ajili ya kazi za shambani. Maikrofoni ya studio ina swichi ya kukata besi, nayo tumeiwasha na hatutaizima: besi inayokatwa hapo haiendi kuzidiwa kwenye kikuza-sauti, na mawimbi yaliyokatwa vichwa kwenye kikuza-sauti, yaani yaliyozidi uwezo wake hadi ncha zake zikapotea, hayarekebishiki vizuri baadaye.

Juni, mwanzoni

Wiki hii kazi yote ilikuwa ya kupanga mahali pa kukaa, na imeleta mabadiliko makubwa kuliko kifaa chochote.

Kanuni inajulikana: kwa kuwa upepo huenda mbele na sauti husambaa, maikrofoni ikiwekwa kando ya njia ya upepo kwa nyuzi 30 hadi 45, bado ikiutazama mdomo, itaipata sauti na kuukosa upepo. Kilichotusumbua ni kwamba njia ya upepo hubadilika kila msomaji anapogeuza kichwa, na msomaji hugeuza kichwa kwa sababu ya karatasi. Karatasi ikiwa mezani, kichwa huinama, na mdomo pamoja na pua huelekea chini. Maikrofoni iliyopangwa kwa uangalifu ubavuni hujikuta nje ya sauti, na iliyowekwa chini hujikuta katikati ya upepo. Karatasi ikishikwa mkononi, msomaji huihamisha kila anapofungua ukurasa. Karatasi ikiwekwa mbele ya uso, sauti huirudia maikrofoni kutoka kwenye karatasi yenyewe na kuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

Tulichokifanya ni kuianza kazi kutoka kwenye karatasi. Stendi ya karatasi imesimamishwa kwa kimo cha macho, upande wa kushoto wa msomaji, na maikrofoni imewekwa upande wa kulia, juu kidogo ya kimo cha pua, ikielekezwa chini kwenye pembe ya mdomo. Msomaji anayesoma karatasi yake kwa kawaida kabisa huwa tayari ameugeuza upepo wake mbali na maikrofoni, bila kukumbushwa lolote. Baada ya hapo mshumaa hurudishwa na kushikwa pale maikrofoni ilipo, na ikiwa mwali unatikisika kwa neno Mpwapwa, stendi husogezwa tena.

Umbali tumeupima kwa shubiri, kwa sababu kila mtu anayo na haisahauliki nyumbani: shubiri moja ya mtu mzima kutoka mdomoni hadi kwenye maikrofoni, ambayo ni kama sentimita 20. Chini ya nusu ya hapo besi huongezeka sana na p zinarudi. Zaidi ya shubiri moja na nusu chumba huanza kusikika, maana kuta zetu ni za matofali na juu ni bati bila dari. Tumesimamisha magodoro mawili nyuma ya msomaji na kutandika mablanketi mezani, na pangaboi huzimwa wakati wote wa kurekodi, ingawa mchana wasomaji hulalamika, na wana haki.

Msomaji wetu mkuu ni bwana shamba mstaafu, mzee aliyezoea kuhutubia mikutano chini ya mbuyu bila spika, na pumzi yake inalingana na uzoefu huo. Mwali ulioachwa salama na wasomaji wengine ulizimika kwake ukiwa mbali zaidi ya shubiri mbili. Wenzangu walipendekeza tumfundishe kulainisha p zake. Mimi nilikataa, na bado nakataa: watu wa vijiji vya Hombolo na Mpunguzi wanamwamini kwa jinsi anavyosema, na p iliyolegezwa kwa makusudi humfanya asikike kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Nilimwomba jambo moja tu.

"Shikamoo, Mzee. Leo naomba usome ukielekea karatasi, maiki usiitazame kabisa."

"Marahaba. Sasa mwanangu, nisipoitazama nitajuaje kama inanisikia?"

Hoja yake ilikuwa ya msingi, kwa kuwa mtu anayezungumza na watu hukitazama kitu kinachomsikiliza. Tumeweka kiti karibu na stendi ya karatasi, na mwenzetu mmoja hukaa hapo akimsikiliza na kuitikia kwa kichwa. Mzee husoma akielekea kwake. Katika somo la kupogoa, ambalo lilikuwa baya kuliko yote, sasa kimebaki kishindo cha hapa na pale, hasa anapoinuka kwenye kiti ili kusisitiza.

Juni, katikati

Vichujio vya upepo. Hivi huwekwa kati ya mdomo na maikrofoni ili kuuvunja mkupuo bila kuizuia sauti, na tulitaka kuona kama vinaweza kutengenezwa kwa vitu vinavyopatikana Soko la Majengo.

Chandarua cha mbu hakifai, maana matundu yake ni makubwa na upepo hupita karibu wote. Kanga iliyokunjwa huuzuia upepo vizuri, lakini hula pia masafa ya juu, na maneno kama mchicha, shina na visiki hupoteza makali hadi msikilizaji alazimike kukisia. Soksi ndefu ya nailoni ya kike, iliyovutwa juu ya duara la mbao la kudarizia, ndiyo iliyofaulu. Tabaka moja hupunguza. Matabaka mawili yenye nafasi ndogo kati yake hufanya kazi kwa namna ambayo sikuweza kuitofautisha kwa masikio na kichujio cha dukani tulichoazimwa. Duara la kudarizia lina sehemu mbili zinazobanana, kwa hiyo soksi hukazwa bila gundi, na waya wa henga unatosha kulishikilia kwenye stendi.

Kinachosahaulika ni nafasi. Kichujio kilichogusana na maikrofoni hufanya kazi kidogo sana, kwa sababu upepo huhitaji nafasi ya kutawanyika na kupoteza kasi baada ya kuvunjwa. Tumeacha sentimita 8 hadi 10 kati ya kichujio na maikrofoni, na zinazobaki kati ya kichujio na mdomo, jambo ambalo pia humzuia Mzee asisogee mbele.

Juu ya hayo, penseli iliyofungwa kwa gundi ya karatasi wima mbele ya kiwambo huugawa mkupuo upite kando. Inafaa pale ambapo hakuna kingine.

Kiwango cha kurekodi kimeshushwa hadi sauti kubwa kabisa za msomaji zifikie takriban desibeli 12 chini ya kikomo, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho kifaa kinaweza kurekodi. Kwa kuwa tunarekodi kwa biti 24, usahihi unaotosha kuhifadhi hata sauti ndogo, hakuna hasara ya kuacha nafasi hiyo, na p inayoponyoka haitagonga kikomo.

Juni, mwishoni

Sasa masomo ambayo hayawezi kurudiwa. Mama mmoja mkulima wa zabibu aliyetusomea ushuhuda wake amesafiri na hatarudi karibuni, na rekodi yake ina vishindo vingi. Tunatumia Audacity, programu ya bure iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani na kutolewa mwaka 2000. Zipo programu za kulipia zenye kifaa maalumu cha kazi hii, kama iZotope RX, lakini bajeti yetu haizifikii.

Hatua ya kwanza ni kukata besi katika faili zima. Sauti ya msingi ya mwanamume huwa kwa kawaida kati ya hezi 85 na 180, na ya mwanamke kati ya hezi 165 na 255, hivyo chini ya hapo hakuna sauti ya msomaji ya kupoteza, bali mtikisiko wa meza, magari ya mbali na sehemu ya chini ya vishindo. Kwa Mzee tunakata chini ya hezi 80, kwa wanawake chini ya hezi 100. Kuna kishawishi cha kupanda hadi 200 kwa faili zima na kuimaliza kazi kwa mpigo mmoja. Nilijaribu kwenye sauti ya Mzee: vishindo viliisha, na mzee mwenye kifua kipana akasikika kama anapiga simu kutoka mahali penye mtandao hafifu. Hatutafanya hivyo.

Vishindo vinavyobaki hushughulikiwa kimoja kimoja, na hapa kuna jambo ambalo halionekani mpaka mtu avute picha ya wimbi karibu sana. Macho huenda kwenye konsonanti, yaani mahali midomo inapoachana, lakini upepo hufika kwenye kiwambo baada ya sauti, kwa kuwa ni wa polepole. Kishindo chenyewe kimekaa zaidi mwanzoni mwa irabu, na kwenye picha ya wimbi huonekana kama milima mipana michache iliyobeba mgongoni mwake mawimbi madogo ya irabu. Wimbi la hezi 50 huchukua milisekunde 20, yaani sehemu ishirini za elfu moja za sekunde, kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo hata kishindo kifupi huenea. Anayechagua konsonanti peke yake na kuikata huiharibu p na kukiacha kishindo.

Tunachagua kuanzia midomo inapoachana hadi mawimbi ya irabu yanaporudi kukaa sawa juu na chini ya mstari wa sifuri, eneo ambalo kwa kawaida ni la milisekunde 30 hadi 100, na mipaka yote miwili tunaihamishia kwenye mstari wa sifuri ili pasisikike mkwaruzo. Katika eneo hilo pekee tunakata besi chini ya hezi 150 hadi 200. Sikio halitambui kwamba irabu imepungukiwa besi kwa muda mfupi kiasi hicho. Kikibaki kivimbe, tunaongeza ufifishaji mfupi, yaani kuianzisha sauti chini na kuipandisha taratibu, mwanzoni mwa eneo hilo, lakini kwa tahadhari, kwa sababu ufifishaji ukizidi p hutoweka na kupura huwa kuura, na palilia husikika kama mtu aliyeanza kulia.

Mpangilio wa hatua una uzito. Kompresa, ambayo hutumika kuzisogeza sauti ndogo na kubwa zikaribiane, lazima ije baada ya vishindo kuondolewa. Ikitangulia, husikia kishindo kama sauti kubwa ya ghafla, huibana sauti yote, na neno linalofuata huzama kabla ya kurudi polepole. Hali hiyo husikika hata kwenye simu, na ndiyo iliyofanya baadhi ya wasikilizaji wa majaribio waseme kwamba msomaji "anameza maneno" ingawa kishindo chenyewe hawakukisikia.

Sehemu mbili za ushuhuda wa yule mama zimeshindikana. Mawimbi yalikuwa yamegonga kikomo na kukatwa vichwa, na ukataji wa namna hiyo huzaa mkwaruzo wa masafa ya juu ambao ukataji wa besi haugusi. Sentensi hizo tumeziondoa, na mtangazaji ataeleza maudhui yake kwa sauti yake mwenyewe. Kuunganisha neno moja lililosomwa na mtu mwingine, au na yeye mwenyewe siku nyingine katika chumba kingine, hakukubaliki masikioni hata kidogo.

Julai

Upepo wa kiangazi umeshika kasi, na kazi imehamia mashambani. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu Februari na Machi na tena karibu Agosti na Septemba, kwa hiyo mahojiano ya kabla ya mavuno ya pili lazima yafanyike sasa.

Upepo wa mbuga na upepo wa p ni kitu kimoja kwa kiwambo, isipokuwa wa mbuga hauachi nafasi kati ya pigo na pigo. Kichujio cha soksi huku ni mzigo usiofaa kitu, kwa kuwa hulinda upande mmoja. Tunatumia zile maikrofoni ndogo zinazosikia pande zote, kila moja ikiwa na sponji na juu yake kifuniko cha manyoya bandia, zikibanwa kifuani kiasi cha shubiri moja chini ya kidevu. Kwa wazungumzaji ambao pumzi ya pua huwashukia kifuani, tunaibana maikrofoni ikiwa kichwa chini. Kwa kuwa inasikia pande zote, maneno hayapungui kwa kiasi kinachotambulika, na pumzi huipiga mgongoni. Mzungumzaji husimamishwa akiupa upepo kisogo, mwili wake ukiwa kinga.

Vishindo vya p katika rekodi za mwanzo za Mpunguzi ni vichache kuliko vya chumbani kabla ya marekebisho, ila mngurumo wa upepo umeingia katika zile zilizorekodiwa alasiri. Asubuhi kabla ya saa nne hali ni bora, na ratiba ya Agosti imepangwa hivyo.

Limebaki somo la kupura na kupepeta mtama, ambalo wahusika wanataka lirekodiwe palepale uwanjani ili msikilizaji ausikie ungo. Kupepeta kunahitaji upepo, na hakuna mama atakayekubali kupepeta asubuhi iliyotulia kwa ajili ya maikrofoni yetu. Pendekezo lililopitishwa ni kunasa milio ya ungo na nafaka peke yake wakati wa upepo, maikrofoni ikiwa chini karibu na turubai ambako upepo ni mdogo, na Mzee asome maelezo chumbani wiki inayofuata. Orodha ya maneno ya kupima kwa mshumaa kabla ya kikao hicho ni hii: pura, pepeta, pumba, punje, pishi, papasa, pakia.